Adabu na Adhabu: Safari ya Herufi Moja

Katika Kiswahili, adabu na adhabu hutengwa na herufi moja tu. Sikio la mgeni laweza kuyadhania maneno haya kuwa ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Yote mawili tuliyapokea kutoka Kiarabu, lakini kila moja lina mzizi wake. Adabu latokana na neno ambalo kwa Waarabu hubeba tabia njema na fasihi kwa pamoja. Adhabu latokana na neno lenye maana ya mateso. Mwandishi wa kale wa Pate au Lamu, aliyeandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, hangeyachanganya, kwa kuwa moja huanza kwa alifu na jingine kwa aini, moja lina dali na jingine lina dhali. Hati za Kirumi ndizo zilizoyasogeza hadi yakagusana mabega.

Hata hivyo, si hati peke yake iliyoyaoza maneno haya. Ulimi nao umefanya kazi yake. Mzazi asemapo, "Ngoja nikutie adabu," hakuna mtoto anayetazamia kuletewa kitabu. Atatazama mkono ulioshika nini. Kutia adabu kumekuwa ni kupiga, na mtoto aliyepigwa huambiwa kwamba ameshafunzwa.

Makala haya yaifuata safari ya herufi hiyo moja katika historia yetu. Siku hizi yasemwa mengi kuhusu kuwaelimisha vijana wajikinge na ukatili, uonevu na udhalilishaji, na mara nyingi jambo hilo hudhaniwa kuwa mgeni aliyeshuka juzi na mabango yake. Mimi naona ni deni la zamani la lugha yetu, na wanaodaiwa wa kwanza ni sisi tunaojiita wapenzi wa maneno.

Tuanze na kitenzi kufunda. Kina maana mbili: kutwanga, na kufunza mtu maadili. Sitadai kwamba maana hizi zatoka katika chungu kimoja, lakini kila mzawa wa lugha husikia kinu na mchi nyuma ya mafunzo ya mwali. Katika unyago, na katika jando kwa wavulana, kijana alitengwa, akafundwa kwa nyimbo, mafumbo na michezo, kisha akarudishwa akiwa mtu mpya. Hayakuwa mafunzo ya upole siku zote. Yalikuwa na vitisho na maumivu, na katika baadhi ya jamii za bara yaliambatana na ukeketaji wa wasichana. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo moja ambalo wasanifu wa mafunzo ya leo wangelitafuta kwa taa. Kila mwali alikuwa na somo wake, mtu mzima asiye mama yake, aliyeteuliwa kuwa sikio lake. Yale ambayo binti hawezi kumwambia mama, alikuwa na wa kumwambia. Mwili wake ulizungumzwa kwa maneno yake yenyewe, na mwenye kuyazungumza alijulikana kwa jina.

Kutoka ngomani twende kwenye karatasi. Mnamo 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Utendi huo umebishaniwa sana. Wako wanaousoma kama somo la utiifu wa mke kwa mume, na wako wanaouona kuwa ni hekima ya mwanamke anayemfundisha mwenzake namna ya kuishi katika dunia asiyoiumba. Mabishano hayo yana haki yake. Mimi leo natazama umbo lake tu. Mama anamwita binti akae karibu, aje na karatasi na wino, asikilize. Malezi yote yamewekwa katika maneno, na hakuna fimbo iliyolazwa kando ya wino.

Ila tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Utendi humfundisha mtoto wajibu wake kwa Mungu, kwa mume, kwa majirani. Haumwambii afanye nini pale mkubwa anayepaswa kumlinda anapokuwa ndiye mwenye kumdhuru. Tena pwani ile ya karne ya 19 ilikuwa pwani ya watumwa. Mtoto wa mtumwa aliyetwanga nafaka katika ua wa nyumba kama hizo hakuandikiwa utendi. Adabu yake ilikuwa amri, na aliyevunja amri alijua kinachofuata. Kwa hiyo tangu mwanzo herufi yetu ilikuwa na tabaka: waungwana walipewa adabu, wanyonge wakapewa adhabu.

Kisha zikaja dola za kigeni, na lugha ikaandika kumbukumbu yake kwa namna isiyohitaji maktaba. Chini ya utawala wa Wajerumani, mjeledi wa ngozi ya kiboko ulikuwa chombo cha serikali. Kanuni za 1896 ziliweka ukomo wa mapigo 25 kwa mara moja, na hesabu hiyo ikazoeleka kiasi cha kugeuka nomino: hamsa ishirini. Mtu hakuhitaji kusema alipigwa. Alisema alipata hamsa ishirini, na msikilizaji akaelewa. Jina la mnyama likawa jina la mjeledi, na jina la mjeledi likawa jina la pigo lenyewe, hata leo twasema mwanafunzi amechapwa viboko vitatu ijapokuwa alichapwa kwa kijiti cha mpera. Na la kustaajabisha zaidi, neno hilohilo limepanda cheo. Mchezaji hodari, mwimbaji asiye na mpinzani, twamwita kiboko. Lugha iliyopigwa imejifunza kumsifu mpigaji.

Waingereza waliofuata hawakuiondoa bakora shuleni, na uhuru haukuiondoa pia. Kanuni za Tanzania za 1979 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ziliipa fimbo nafasi rasmi darasani. Masharti ya 2002 yakaweka ukomo wa viboko vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemkasimu, na viandikwe katika daftari. Kutoka 25 hadi vinne ni safari, lakini ni safari ya hesabu. Maana ya fimbo ilibaki palepale.

Ushairi ulikuwa wapi wakati huo wote? Ulikuwapo, na mara nyingine ulisimama mahali ambapo mahakama haikusimama. Katika Zanzibar ya miaka ya 1920, Siti binti Saad, mwana wa Fumba, aliimba "Kijiti", wimbo uliohusu mwanamke mgeni aliyedhulumiwa mwili wake na kuuawa. Mtuhumiwa alitorokea bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuja kutoa ushahidi, kwa kosa la pombe. Siti hakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu. Alikuwa na jina la mtenda na sauti ya kulitamka, na wimbo ukasafiri kutoka baraza hadi baraza ukimtaja yeye aliyetoroka. Kisa hicho ni cha watu wazima, lakini kila mtoto anayenyamaza hukijua bila ya kukisikia. Anajua kwamba asemaye huulizwa alikuwa akifanya nini pale, alivaa nini, kwa nini alikwenda. Mashahidi wa "Kijiti" hawajafa. Wanavaa sare za shule.

Mwaka 1952 Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze. Wengi tulikisoma kama kisa cha wivu na msamaha, na ndivyo kilivyo. Lakini kisomeni tena mkiwa na fimbo akilini. Adili, mtu mwema mwenye cheo, ana nyani wawili nyumbani kwake, na kila usiku huwachapa. Hawachapi kwa ukatili. Huwachapa kwa amri ya jini, akiwa na uchungu moyoni, kwa kuwa nyani wale ni ndugu zake wa damu walioadhibiwa kwa kumtendea uovu. Usiku baada ya usiku mjeledi unafanya kazi, na hakuna kinachobadilika: nyani ni nyani, na Adili ni mtu mwenye huzuni. Kinachokuja kukifungua kifungo hicho ni mambo mengine kabisa. Mgeni mmoja aliona usiku ule akapeleka habari. Mfalme Rai hakudharau habari hiyo, aliuliza. Adili naye, baada ya kuulizwa, alisimulia. Kuna shahidi, kuna swali, kuna simulizi, na ndipo ndugu wakarudi kuwa watu. Sijui kama Shaaban Robert alikusudia hivyo, lakini sijaona mahali pengine katika fasihi yetu ambapo udhaifu wa mjeledi umeelezwa kwa utulivu kiasi hicho.

Miaka 19 baadaye, 1971, Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Hapo hakuna jini wala mfalme. Kuna Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kitabu kilizua mabishano makali, na walioshtuka walishtushwa zaidi na mwenendo wa Rosa baadaye. Mabishano yalitazama majani yakasahau mzizi. Rosa aliyelelewa kwa hofu hakupewa neno la kukataa. Alipewa marufuku tu. Alipotoka nje ya ua wa baba yake, akakutana na wanaume wenye madaraka juu yake, hakuwa na kitu mkononi. Kezilahabi alisema mapema yale ambayo wataalamu walikuja kuyasema kwa takwimu: mtoto aliyefunzwa kwamba mkubwa ana haki juu ya mwili wake akiwa na hasira, hatajua kwamba mkubwa hana haki hiyo akiwa na tamaa.

Hapa sina budi kuitia nafsi yangu kizimbani. Nilisoma shule ya bweni, na huko kulikuwa na lugha yake. Mwanafunzi mpya wa kidato cha kwanza aliitwa njuka; wenzetu wa Kenya walimwita mono. Njuka hakuonewa, kwa kuwa neno hilo halikutumika. Njuka "alikaribishwa". Nilipofika kidato cha pili nami nilikaribisha. Kulikuwa na mvulana mmoja mwembamba aliyenifulia mashati kwa muhula mzima, akanichotea maji alfajiri, na mara mbili nilimlaza chini ya kitanda changu usiku kucha kwa sababu alichelewa. Aliniita kaka. Muhula wa pili hakurudi. Mwalimu wa zamu alisoma jina lake mara tatu, akalikata kwa kalamu, na hakuna aliyeuliza. Sikujiona mwovu. Nilikuwa nimechapwa na walionitangulia, waliochapwa na waliowatangulia, na wote tulikuwa tumechapwa na walimu, na yote hayo tuliyaita kwa jina moja zuri. Kama mtu angeniuliza jioni moja, "Kwa nini unamwonea?" labda ningelisikia lile neno likiniangukia. Hakuna aliyelitamka.

Neno lenyewe ni la ajabu. Kuonea latokana na kuona. Tumelinyambua mpaka limebeba pande mbili za moyo: twaweza kumwonea mtu huruma, na twaweza kumwonea tu, bila ya nyongeza, na hapo huruma imekwisha. Macho yaliyouona unyonge wake ni yaleyale. Tofauti ni kile kinachofuata. Ni neno ambalo hata mtoto wa miaka minne hulijua. "Ananionea," hulia. Na sisi hujibu, "Nawe mwonee!" au "Acha uchongezi." Kwa majibu hayo mawili twamfunza kwamba lugha haitamsaidia.

Sheria zimejaribu kutembea. Kenya iliiondoa fimbo shuleni mwaka 2001, ikaitilia mkazo marufuku hiyo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, iliyotaja na mateso ya akili. Tanzania ilitunga sheria ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, ambayo pia ilifanya ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa. Kisha ikaja Sheria ya Mtoto ya 2009, na Zanzibar ikatunga yake 2011. Mwaka huohuo wa 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania 2009, uliowauliza vijana wenyewe wa miaka 13 hadi 24. Karibu watatu kati ya kila wasichana 10, na takriban mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walisema walipata ukatili wa kimwili. Waliotenda aghalabu hawakuwa majambazi wa kichakani. Walikuwa watu ambao mtoto alifunzwa kuwaamkia.

Lakini sheria huandikwa kwa lugha, na lugha yetu ina mitego. Kenya ilipotunga sheria ya makosa ya kingono mwaka 2006, kosa la kumwingilia mtoto likaendelea kuitwa magazetini kunajisi. Tulitafakari neno hilo? Najisi ni uchafu unaoharibu ibada. Kumnajisi mtoto ni kumfanya awe najisi. Tumemtaja mkosaji kwa kitenzi, na tumemwachia mtoto sifa. Tanzania nayo yasema mtoto "ameharibiwa", kama vile yeye ni saa iliyosimama. Mkosaji "amemchezea mchezo mbaya", na mchezo, jamani, huchezwa na wawili. Viungo vya mwili wake ni "sehemu za siri". Basi tumemfunza kwamba mahali pale pana siri, kisha twashangaa alipoitunza siri hiyo alipoombwa na mwenye kumdhuru.

Simaanishi kwamba tuitupe tasfida. Ustaha ni fahari ya Kiswahili, na mshairi asiyejua kufumba hajui kutunga. Somo wa unyago alikuwa bingwa wa mafumbo, lakini kila fumbo lilifumbuliwa kabla ya mwali kutoka ndani. Sisi tumerithi kufumba tukaacha kufumbua. Ustaha unaomlinda msikilizaji na kumwacha mtoto bila ya neno si ustaha. Ni mkono mwingine juu ya kinywa chake.

Basi kijana afunzwe nini? Kwanza afunzwe kutaja: huu ni utani, huu ni uonevu; utani wa kweli unasimama anayetaniwa akisema basi. Watani wa jadi walilijua hilo, ndiyo maana utani wao ulikuwa na mipaka na haki ya kujibiwa. Pili, afunzwe majina ya mwili wake bila ya kicheko wala laana. Tatu, awe na mtu: somo wa leo, awe shangazi, mwalimu wa malezi au sauti ya simu ya watoto ya namba 116, inayopokewa Tanzania na Kenya pia. Nne, na hili ndilo tunalolisahau, afunzwe kuwa mgeni wa Adili: aliyeona kitu usiku, akaenda kusema. Bweni letu lilikuwa na vijana wengi walioona. Mmoja tu angetosha.

Nasi wenye kalamu tuna kazi iliyo yetu hasa. Kiswahili kina methali isemayo mnyonge hana haki. Kina na nyingine isemayo mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ya kwanza yasimulia dunia ilivyo. Ya pili yaikubali dunia hiyo nusu, kisha yaidai nusu iliyobaki. Methali ya tatu, itakayokataa mnyonge asinyongwe hata kidogo, bado sijaisikia. Methali hazitungwi kwa azimio la kikao, ila huanza mahali fulani, katika kinywa cha mtu fulani, pengine katika ubeti ulioandikwa kwa ajili ya darasa la nne.

Tuwatungie watoto beti hizo. Tuwape vitenzi ambavyo mtenda ndiye anayechafuka. Na siku mtoto atakapokuja mlangoni akisema, "Ananionea," tukae chini, tumwambie asogee karibu kama Mwana Kupona alivyomwita bintiye, kisha tumuulize: nani, na tangu lini?